Fimbo Yenye Uzi Mwekundu

Mwaka jana mtoto wa shangazi yangu aliteremka kwenye treni ya Kongolo, amechoka, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa uso wake. Ilikuwa fimbo aliyokuwa akiiegemea. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko bakora za wazee wengine, rangi ya asali iliyoungua, na haikuwa ya mviringo: ilikuwa na pande sita. Chini ya kishikio palikuwa na uzi uliozungushwa mara nyingi. Mtu mwingine angesema ni mweusi. Mimi nilijua kwamba zamani ulikuwa mwekundu.

Nilimpokea mfuko, nikamuuliza habari za njiani, tukapanda pamoja kuelekea nyumbani. Lakini moyoni, rafiki yangu, nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye roho mbaya.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire, na Jumamosi asubuhi kila nyumba ilitoa mtu na jembe kwenda kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Baba alikuwa seremala kwenye atelye, karakana ya reli hapa Kalemie, akitengeneza milango na viti vya mabehewa. King'ora kilipolia alirudi nyumbani na harufu ya vumbi la mbao, akala bugali na ndakala, dagaa wa ziwa letu, akanawa, kisha akaanza kazi yake ya pili, ile aliyoipenda. Alitengeneza fimbo za kuvulia samaki.

Usifikirie ule mwanzi mzima wenye kamba ambao kila mtoto wa ziwani anao. Hapo zamani enjinia mmoja mzungu alimletea fimbo iliyovunjika ncha ili aitie gundi. Alikuwa akienda nayo kwenye mito ya baridi huko milimani Marungu, akirusha ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya kuku ili ifanane na inzi. Baba alipoifungua aliona kwamba haikuwa mti mmoja. Ilikuwa vipande sita vyembamba vya mwanzi, kila kimoja kimepigwa randa pembe tatu, vikaunganishwa kama vile vimezaliwa pamoja. Alikaa nayo siku nzima. Enjinia alirudi kwao, ila baba alibaki na ujuzi.

Mianzi aliikausha jikoni juu ya moshi, miezi na miezi, hata sombe yetu, mboga ya majani ya muhogo, ikawa na harufu yake. Halafu aliipasua, akaichonga, akaitia gundi ya maseremala inayochemshwa, akaifunga uzi, akaipaka verni ya kung'arisha. Fimbo ilikuwa ya sehemu mbili zinazoungana kwa bomba dogo la shaba. Makarani wa bandari waliitamani. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amengoja yake mwaka mzima, bado hajaipata.

Maana baba hakutengeneza fimbo ya mtu yeyote tu. Mtu akija kuagiza, kwanza alimpeleka ziwani, akamwambia arushe mawe. Yeye alisimama pembeni anatazama bega na kiwiko. Wengine aliwaambia warudi mwaka ujao. Akimkubali mtu, alimpa bonge la udongo mbichi wa mto Lubuye alikamate kwa nguvu, na alama ya vidole vyake ndiyo aliyoifuata kuchonga kishikio. Ukishika fimbo ya mtu mwingine, mkono wako unakataa.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilisugua, nilikoroga gundi, nilifunga uzi kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo. Nilijua sheria kubwa kuliko zote, aliyoirudia kila mara tulipopanga vile vipande sita: "Angalia vifundo. Vifundo vya mwanzi visilale mustari moja. Vikikutana, fimbo inakufa pale pale." Kwa hiyo tulivisukuma vipande hivi na hivi, kifundo hiki juu, kile chini, ndipo tukavikata ncha.

Fimbo yangu mwenyewe sikuwa nayo bado. Lakini mwanzi wangu ulikuwa juu jikoni, baba ameutia alama ya mkaa.

Ndipo shangazi alipofariki kule Kongolo, na baba akarudi na mtoto wake. Alikuwa wa umri wangu, mwembamba, mwenye adabu. Alisema "ndiyo, Mjomba" na "asante, Mama" mpaka nyumba nzima ikalainika. Bibi, mama yake baba, akaanza kumpa kichwa cha samaki, kile ambacho siku zote kilikuwa changu. Mama akamshonea kaptula mpya kwa mashine yake, mimi nikabaki na zangu za viraka. Nilihesabu tu.

Siku moja baba alitupeleka sote wawili ziwani kurusha mawe. Mimi nilirusha kwa nguvu zangu zote. Yeye akarusha taratibu, kama mtu anayesalimia, na jiwe lake likaenda mbali kuliko langu.

"Huyu tayari," baba akasema.

"Na mimi, Papa?"

"Weye bado. Mukono yako iko na hasira. Ngoja mwaka moja."

Nilimwona mtoto wa shangazi akikamata lile bonge la udongo huku anacheka, na matope yakitoka kati ya vidole vyake. Niliona kwamba baba alikuwa anamtengenezea mtoto aliyefiwa na mama kitu cha kumfurahisha. Nililiona hilo wazi, hata siku ile. Lakini kuliona hakukunisaidia.

Ningeweza labda kuvumilia, kama si uzi. Mama alikuwa ameshona mavazi ya kwaya ya parokia, akabakiwa na kibunda cha uzi mwekundu, nami nilikuwa nimemwomba aniwekee kwa ajili ya fimbo yangu. Akanijibu, "Yako ingali mbali, mwanangu. Tumupe mwenzako." Akampa baba.

Siku ya gundi, kila kitu kilikwenda haraka kama kawaida, kwa sababu gundi ya moto haimngojei mtu. Baba alipaka vile vipande sita vya sehemu ya juu, akanipa nivibane pamoja na kuvifunga, kisha akageuka kuondoa chungu motoni. Nilivisukuma vipande vitatu. Kiasi cha upana wa vidole viwili, si zaidi. Vifundo vitatu vikaja mahali pamoja, vikakaa kama ndugu. Nikazungusha uzi wa kufungia juu yake, nikakaza.

Kesho yake kazi ya kusugua ilikuwa yangu. Nilizikata ncha zilizopishana, nikasugua vizuri sana. Halafu nikamwambia baba: "Papa, niache mimi nimufungie ule uzi mwekundu." Pale palipokuwa na vifundo vitatu ndipo nilipoweka pete ya kupitishia kamba, nikapafunika pote kwa uzi, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuacha nafasi. Mwingine kama huo niliuweka karibu na kishikio, ili zifanane. Baba aliitazama kazi yangu, akanishika kichwa.

"Ona, hasira inaanza kutoka," akasema.

Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, rafiki yangu. Mkono wake juu ya kichwa changu.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa, pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Watu walijaa: wamama wanaoanika ndakala, wavuvi wenye mitumbwi, makarani, hata mwalimu wetu. Mtoto wa shangazi alirusha, na kamba ikaruka hewani kama wanavyorusha mabingwa, ndefu, bila kelele. Kuhe mkubwa, samaki mwenye nguvu kuliko wote ziwani, akashika. Fimbo ikapinda, ikapinda, watu wakapiga vigelegele. Kisha ikalia kama kuni kavu. Ncha ikaondoka na samaki.

"Ee seremala!" mvuvi mmoja akapaza sauti. "Hiyo njo fimbo ya kuhe ao ya kuchokonoa meno?"

"Mwache," akajibu mwenzake, "ameizoea milango ya treni. Milango haivuti!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtoto wa shangazi alikuwa analia. "Mjomba, njo mimi mwenye kosa. Nilivuta vibaya."

Baba alichukua kipande kilichobaki, akakaa juu ya jiwe, akaufungua uzi wangu mwekundu kwa ukucha wake, polepole. Akapapasa kwa kidole gumba. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kusema.

"Vifundo vitatu," akasema. "Hapana, mwanangu, wewe ulivuta vizuri. Njo macho yangu. Macho yangu yamekwisha."

Sijui kama alinishuku. Hakuniuliza kamwe, siku ile wala siku aliyokufa. Ninachojua ni kwamba juma lile alimrudia mwalimu na kumwambia atafute fundi mwingine, ambaye hakuwapo. Randa yake ndogo ya mianzi akampa kijana wa atelye. Mwanzi wangu ulikaa jikoni miaka miwili, na alama yake ya mkaa, mpaka mama alipouteremsha akaufanya wa kuanikia nguo. Nilikuwa nikiiona kaptula ya mtoto wa shangazi ikining'inia juu yake.

Sasa atelye imeota majani. Vijana pale Lukuga wanarusha fimbo za plastiki zinazotoka ng'ambo, na ukiwaambia kwamba hapa mtaani palikuwa na mtu aliyepima mkono wako kwa udongo kabla ya kukutengenezea fimbo, wanakutazama kwa huruma.

Asubuhi ya pili ya ugeni wake, tukinywa chai barazani, nilimwambia mtoto wa shangazi yote. Vidole viwili, vifundo vitatu, uzi. Aliweka kikombe chini.

"Miaka yote hii," akasema, "nilifikiri njo mimi niliyeiua kazi ya Mjomba. Nilitunza hii sehemu ya chini ili nisisahau kosa langu."

Akainyanyua ile fimbo, akaninyooshea. "Shika basi. Si uliitaka?"

Nikaishika. Kishikio kilikuwa laini kwa jasho la maisha yake yote, na kila shimo lililochongwa na baba lilikuwa linatafuta kidole ambacho si changu. Mkono wangu ulikataa. Nilimrudishia, na vidole vyake vikaingia mahali pake bila yeye kutazama. Mimi mzee, mwenye wajukuu, ambaye nimetoka tu kuungama, nikaona jinsi vidole vile vilivyoingia, na wivu ukanichoma upya.