Majani Gani?

Mashine ya kukatia majani ya uwanja wa ndege ilivunjika Alhamisi, na Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima. Mjomba wangu, aliyeitunza mashine hiyo, alikuwa amewaahidi akina mama wa mtaa wetu kwamba safari hii wasibebe panga. "Mutakuja kukaa tu," aliwaambia. "Mulete karanga."

Mashine ilifungwa ubavuni mwa trakta: chuma kirefu kinacholala chini, chenye meno kama ya mamba, yanayokwenda na kurudi. Kilichovunjika ni kichwa cha kisu, kipande kinachounganisha meno na fimbo ya kuyasukuma. Kiligonga jiwe, kikapasuka, vipande vikapotelea majanini.

Ng'ambo ya mto, kwenye shamba la zamani la ng'ombe, kulikuwa na mashine mbili zilizokufa. Kwa umbo zilikuwa pacha, lakini kila kiwanda kilikuwa na kichwa chake, na bibi aliyelinda shamba alikubali kutoa kimoja tu. Kibao cha kiwanda kwenye mashine yetu kiling'oka zamani. Ilibaki rangi, maana kila kiwanda kilikuwa na yake. Zile mbili, mjomba alikumbuka, hazijapakwa tena tangu zizaliwe. Yetu ilikuwa kijani, lakini miaka ile hata ndoo za serikali zilipakwa kijani, rangi ya chama.

"Weye ndio uko na macho," akaniambia Ijumaa asubuhi. "Kwaruza. Mimi natafuta mtumbwi."

Nilikwaruza kwa kisu na petroli kidogo. Chini ya kijani ikatoka kijivu, na chini ya kijivu kutu. Kisha nikafungua nati moja. Pale brashi haikuwahi kufika. Palikuwa na rangi safi kabisa, kama majani yaliyokatwa yakalala juani siku mbili.

Mjomba akarudi mbio. "Haya, rangi gani?"

"Ya majani," nikasema, kwa ile sauti ambayo mama aliiita sauti ya ndani ya blanketi.

"Ya majani! Basi ni kijani tangu zamani. Tumejisumbua bure." Akacheka, akaondoka.

Nilibaki na nati mkononi. Kwetu, rangi ya majani ni kijani, hata mtoto anajua. Mimi nilikuwa nawaza yale makavu ya kulishia ng'ombe.

Nilipofika mtoni, mtumbwi ulikuwa katikati. Akina mama walikuwa wakifua. Mimi niliyezoea kuzunguka nyuma ya nyumba za watu nikwepe salamu, nikafungua mdomo: "Makavu! Mjomba, makavu!"

Mjomba akaweka mkono sikioni.

"Unamwambia nini?" mama mmoja akauliza.

"Makavu."

"Unaita muntu ao unanong'oneza muchumba?" Akapiga kelele yeye. Wenzake wakapokea, na mwenye mtumbwi wa ndizi akapokea: "Makavuuu!" Hakuna aliyejua ni makavu gani. Mjomba akainua kasia.

Jioni alirudi na kitu kilichofungwa katika jani la mgomba. "Njia yote nilifikiri unaagiza samaki makavu," akasema. "Nikafika, nikashika ile ya kijani, nikageuka, nikaona ingine. Nikacheka mpaka bibi akanikimbia." Akafungua jani. Kichwa kilikuwa cha manjano iliyopauka.

Kiliingia bila nyundo.

Jumamosi akina mama walikaa wakipasua karanga huku trakta ikipita na majani yakilala. Jumatatu, jua lilipokwisha kuyakausha, mjomba aliokota jani moja akalishikiza pale nilipofungua nati. Halikuonekana; rangi ilikuwa ileile.

Tangu hapo, mama yule wa mtoni alikuwa akinishikia karanga juu. "Majani gani?" Hakuzitoa mpaka jirani wa nyumba ya tatu asikie jibu langu. Nilikula karanga nyingi sana.