Nyumba ya Mwenyekiti

Kwa fundi vioo huyu, kioo kizuri kilikuwa kile usichokiona. Mara mbili wateja wake walijigonga paji la uso kwenye milango aliyowatengenezea. Aliwapa pole kwa mdomo, lakini moyoni alichekelea, maana sifa gani tena fundi angetaka?

Mke wake hakuwa mtu wa vioo. Yeye alikuwa mtu wa bomba. Katika nyumba waliyopanga miaka mingi palikuwa na ua wa udongo wenye bomba, na chini ya jiwe la kufulia aliishi chura mnene mwenye ngozi ya vipele. Jioni alijikokota nje, akatulia na kitambi chake kama mtu anayesubiri kikao kianze. Mke akambandika jina la Mwenyekiti. Akifua, alimsimulia habari za mtaa, na panzi akirukia karai alimsukumia kwa kidole. Fundi jioni hakusogea bombani. Ukweli ni kwamba alimwogopa yule chura, ingawa alikuwa radhi kung'olewa jino kuliko kulikiri hilo.

Halafu kiharusi kikampiga mke upande wa kushoto. Wakahamia vyumba viwili mkabala na kliniki, ili kwenda kwenye mazoezi kusiwe kazi. Vyumba vilikuwa safi, maji ndani, lakini ua wote ulikuwa saruji tupu, hata jani halioti. Mke akawa wa kukaa kwenye kiti dirishani, mkono wa kushoto umelala mapajani. Muuguzi wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya. Aliutazama tu, akauacha uviringike mpaka uvunguni.

Siku moja muuguzi alimvuta fundi pembeni. "Mzee, nikuambie kweli. Mkono ule una uhai, mwenyewe ndiye amekata tamaa. Akiuacha hivihivi utakaza, na ukishakaza hatutakuwa na la kufanya."

Fundi alirudi akiwa amenywea. Alibembeleza, alitania, akafika mahali akafoka, kisha akaomba msamaha. Mpira ukabaki uvunguni. Jioni ile, alipokuwa akimlisha uji, ndipo mke akasema, maneno yakivutika kwa shida: "Mwenyekiti... sasa nani anamwangalia?"

Usiku huo fundi hakupata usingizi. Asubuhi akapiga moyo konde, akachukua ndoo na zile glavu nene za kubebea vioo, akaenda kwenye nyumba ya zamani. Mpangaji mpya, mama mmoja mcheshi, alimkuta amepiga magoti mbele ya jiwe la kufulia, jasho linamtoka.

"Mzee wangu, umekuja kukamata chura au mamba?"

"Mama, usinichekeshe, ataponyoka," fundi akajibu, macho nusu ameyafumba.

Alimpata. Akamwacha kwenye ndoo kivulini, juu ameifunika kwa kitambaa chenye maji, akaingia karakana. Alichukua vipande vya kioo vilivyobaki kwenye kazi ya duka moja, akavikata kwa kisu chake cha almasi, akapiga kingo msasa, akaviunga kwa silikoni vikawa tangi. Ilipokauka akamwaga mchanga kidogo, akaweka kibakuli cha maji, akasugua kila upande kwa spiriti na gazeti mpaka ungeapa hakuna kitu pale. Juu akafunika kwa kioo kilichokaa sawasawa, hata unywele haupiti. Ilikuwa kazi ya kuwekwa kwenye maonyesho.

Aliliweka tangi juu ya meza ndogo karibu na kiti cha mkewe, akammimina Mwenyekiti ndani. Uso wa mke ukafunguka, fundi akajiona amemaliza kila kitu. Lakini furaha haikukaa. Mwenyekiti aliruka mbele, pua ikagonga kioo. Akarudi nyuma, akaruka tena. Muda si muda pua imekuwa nyekundu.

"Mtoe," mke akasema. "Mtoe, anaumia!"

Fundi akamtoa haraka, safari hii bila glavu, na wala hakugundua.

"Inanuka nini?"

"Spiriti kidogo tu, bibie. Ing'ae."

"Huyu anakunywa kwa ngozi! Na hewa anaipata wapi? Umemjengea nyumba au umemfunga kwenye chupa?"

Fundi angekasirika, lakini tangu ule ugonjwa mkewe alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo. Alisimama anagombezwa huku roho inachekelea. Akaosha tangi kwa maji matupu mara kadhaa. Akaenda kwa muuza miche, akarudi na udongo mweusi wenye majani yaliyooza. Kifuniko cha kioo akakibadilisha kwa wavu wa mbu. Kipande cha chungu kilichovunjika kikawa pango. Maji ya bomba yana dawa, mke akasema, yaache wazi yalale. Kwa hiyo Mwenyekiti naye akalala kwenye ndoo.

Kesho yake alipoingia kwenye nyumba yake, alizunguka, akaruka, akagonga.

"Hakioni," mke akasema. "Kioo chako kizuri mno, mzee. Kichafue."

Fundi alijisikia kama ameambiwa ateme mate mezani. Hata hivyo alikoroga udongo kwenye sahani, akaanza kupaka kioo kwa nje, sehemu ya chini. Alipaka ubavu huu, akapaka ubavu ule, akapaka nyuma, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Mwenyekiti akaziacha pande hizo. Ukabaki upande wa mbele, ule uliomwelekea mke, na huko akaendelea kujigonga.

"Lete hapa," mke akasema. "Wewe unapamba. Tutakesha."

Akaipakata sahani, akaishika kwa mkono wa kulia isimwagike. Fundi alikuwa amegeukia kitambaa cha kufutia mikono. Aliporudisha macho, mkono wa kushoto ulikuwa umeshaingia kwenye tope. Ulitoka unatetemeka, ukapanda taratibu, ukafika kwenye kioo, ukaburuta alama nene iliyopinda. Ukaanguka. Mke akavuta pumzi, akauinua tena. Jasho lilimtoka puani.

Fundi alishindwa kuvumilia. Akanyoosha mkono amshike kiwiko, amsaidie, kama alivyomsaidia kuvaa na kula siku zote hizo.

"Uache," mke akasema bila kumtazama. "Ni mkono wangu."

Ndani, Mwenyekiti alilifikia lile doa la tope, akasita, akageuka, akajisukuma kinyumenyume chini ya kigae chake cha chungu mpaka yakabaki macho tu. Fundi vioo akakaa sakafuni, akalia waziwazi, na mkewe akaendelea kupaka.