Gitaa Ndogo Iliyozoea Moshi

Hii gitaa ukiiona utacheka. Ni ndogo, kiuno imebana kama ya nyigu, rangi ni ya chai iko na maziwa kidogo, na kwa kichwa yake kumechorwa ndege, hata mimi sijui ni ndege gani. Marehemu mzee wangu, baba ya watoto wangu, aliinunua Kutus, wakati vijana wote walikuwa wanataka zile kubwa za matumbo. Mwenye duka alikuwa ameisahau nyuma ya magunia ya mchele. Akamwambia, "Hii ni ya mtoto."

Lakini sasa iguse! Zile kubwa zinanguruma, hii inaongea. Ukikaa nayo inalala kwa paja kama mtoto amenyonya akashiba. Mzee akiipiga jioni hapa kwetu Tetu, wale wanachuma chai mteremko ule mwingine wananiambia kesho yake ilikuwa wimbo gani. Na sauti iko na kukwaruza kidogo, kama mtu ametoka kucheka saa hiyo.

Hiyo kukwaruza ilitoka kwa moshi. Nyumba yetu ilikuwa inavuja, kwa hivyo tuliifunga na kamba kwa itara ya jikoni, ile dari ya vijiti juu ya moto, mahali tunakaushia kuni na mbegu ya mahindi. Ikakaa hapo miaka na miaka, ikakauka mpaka ikawa nyepesi kama kikapu.

Sasa sikia vile nilishikwa. Kijana wangu wa pili alipewa jina ya baba yangu, vile sisi hufanya. Kwa hivyo tangu akiwa kwa titi mimi namuita baba. "Baba, kuja nikupanguse kamasi." "Baba, shuka kwa hiyo mti!" Na baba mwenyewe, yule alinizaa, hiyo gitaa hakuipenda hata kidogo. Mzee akikuja kunitafuta, baba alimuuliza, "Wewe kijana, hiyo mbao inakamuliwa saa ngapi?" Mimi na Mzee tulicheka hiyo maneno mpaka siku Mzee alizikwa.

Mwaka jana huyu baba yangu wa pili akakuja na lori ya mawe.

"Mami, daktari amesema ni moshi inakumaliza kifua. Hiyo jikoni inatoka."

"Na gitaa ya baba yako?"

"Gitaa haina mapafu, Mami. Tutaiweka kwa ukuta kando ya tivii, wageni waione."

Nilifungua mdomo niseme hapana. Lakini wewe, utamkatalia baba yako aje? Wale wengine nawafukuza na mwiko. Huyu akisema keti, nakaa. Nikasema, "Sawa, baba." Jikoni ikaanguka.

Nyumba mpya ya mawe ni nzuri, sitadanganya. Gesi unawasha na kidole. Kifua imetulia, nalala vizuri. Lakini baridi ya Julai ikakuja na ukungu yake, moto hakuna, na gitaa ikaanza kufura huko kwa ukuta. Gundi ikafunguka kando. Jumapili moja kijana akaishusha, kwa sababu ni yeye alifunzwa na baba yake. Akaipiga. Ikalia kama debe. Akairudisha polepole, bila kuniangalia.

"Imezeeka tu, Mami. Nitakununulia mpya, kubwa."

"Asante, baba."

Fundi wa Nyeri mjini hata hakuishika. Ati hiyo aina hakuna mtu anatafuta, ati vipande yake haziko.

Basi nikaifunga mgongoni na leso, nikavuka mto kwenda kwa rafiki yangu. Sisi ni rika moja, tunaitana wakini. Yeye bado alikuwa na jikoni ya zamani, nyeusi tii.

"Umezaa tena, wakini?"

"Nimezaa. Na huyu hataki maziwa, anataka moshi."

Tukaifunga kwa itara yake. Kila mchana napeleka maziwa, tunapika chai, tunaiangalia huko juu kama kuku ameatamia. Mahindi ikianza kukauka shambani, tumbo yake ilikuwa imerudi chini, na ule ufa wa gundi umejifunga. Siku moja wakini akapanda kiti, akagusa uzi moja na kidole. Wee! Ilikuwa ni Mzee kabisa, ametoka kucheka. Tulishikana mikono tukaruka, shosho wawili wazee, magoti ikilia ka! ka!

Juzi nimefika nikapata mawe imemwagwa kwa mlango yake. Imeletwa na msichana wake wa pili, yule ako na jina ya mama ya wakini. Anasema moshi ni mbaya. Na ni mbaya kweli.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza wakini.

"Nilimwambia, 'Sawa, mama.'"

Mafundi wanaanza kubomoa Jumatatu. Wakini akaongeza kuni mbichi, mimi nikafunga dirisha. Moshi ikajaa mpaka hatuonani, tukakaa hapo tunakohoa, na hiyo gitaa juu yetu inakunywa.