Siku Niliyowapokea Wanunuzi wa Ukaa

Nasema haya nimeinamisha kichwa, maana aibu niliyoipata kijijini Uroa haijanitoka mpaka leo, na watu wa mtaani kwangu Mlandege wakiniona tu nafungua duka wananipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Bwana Ukaa, habari za asubuhi!", nami najifanya nimeshughulika na kufuli.

Mimi nauza boriti. Kwa miaka mingi nilijiona mtu kweli, kwa sababu hoteli za Kiwengwa zikijenga mabanda yao ya makuti, boriti za mivinje zilikuwa zinatoka kwangu, lakini siku hizi wenye hoteli wanataka vyuma vilivyopakwa rangi ya mti (eti haviliwi na mchwa), na boriti zangu zimelala dukani mpaka paka wanazalia nyuma yake. Kwa hiyo mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, aliponiambia kuwa Uroa kuna mkutano wa wenye mashamba ya miti, na kwamba wako wageni wanaotaka kuweka fedha zao kwenye misitu, nilichangamka kuliko yeye. Shamba la mivinje pale Uroa ni lake. Lilipandwa na marehemu mumewe, mti mmoja mmoja, na wenye hoteli wamemwomba awauzie mpaka wamechoka. Sasa anaishi na sisi mjini na miguu yake haimpeleki mbali, akanambia, "Baba, nenda kanisikilizie. Nnataka lile shamba liwafae wajukuu."

Nilikwenda na vespa yangu na nikafika nimechelewa, kwa sababu nilisimama njiani kula urojo (naam, urojo, sina la kujitetea). Chumba cha skuli kilikuwa kimejaa, nikajibanza mlangoni. Mbele alisimama mtaalamu wao, msichana anaitwa Rehema, lafudhi yake ya bara, anasema, "Wageni watanunua ukaa. Ukaa wenu umo ndani ya miti, na mti ukiwa mnene ndiyo una ukaa mwingi. Mwezi ujao watakuja kuupima, na unahesabiwa kwa tani."

Ukaa? Sikuwahi kulisikia neno hilo. Lakini mimi mtu wa mjini, Kiswahili chetu ndicho kinachofundishwa dunia nzima, nitamuuliza vipi msichana wa bara maana ya neno la Kiswahili mbele ya watu wote wale? Nikalifasiri mwenyewe. Sisi tunasema makaa, watu wa bara wanasema mkaa, basi huyu kwao watakuwa wanasema ukaa. Na yote aliyoyasema yaliingia sawasawa: makaa yamo ndani ya miti, mti mnene unatoa makaa mengi, na makaa yakiwa mengi yanahesabiwa kwa tani. Alipouliza kama kuna swali, nilitikisa kichwa kwa madaha, kama mtu aliyechoshwa na mambo anayoyajua zamani.

Nikarudi nyumbani na habari zangu.

"Wanataka makaa, mama."

"Makaa? Kwa hiyo mivinje ikatwe?"

"Ile minene tu. Soko la boriti limekufa, dunia sasa imehamia kwenye makaa."

"Ile miti marehemu kaipanda kwa mkono wake," akasema. Kisha akasema tena, "Lakini wewe ndiye uliyekwenda kusikiliza, mimi mambo ya sasa siyajui. Fanya unavyoona."

Kibali cha kukata nilikuwa nacho, na fundi wa kuchoma makaa nikampata pale pale Uroa, anaitwa Makame. Naye, maskini, aliniuliza, "Bwana Haji, mbona wenzako hawakati?" Nikamjibu kuwa wenzangu wamelala. Wiki tatu tulikata na kuchoma, moshi ukawakera majirani wote, na mimi napita katikati yake nimejifunga kikoi, najisifu moyoni kwamba tutakuwa wa kwanza.

Siku ya wageni nilimkodia Bi Mwanaidi taksi, nikamwekea kiti kivulini. Mimi nimevaa kanzu mpya. Magunia arubaini nimeyapanga mistari minne kama wanafunzi asubuhi. Wageni wakaja wawili, wamefuatana na Rehema na nusu ya kijiji, na mikononi wameshika tepe za kupimia miti (hata hapo sikushtuka, nikadhani watapima magunia). Nikafungua gunia la kwanza mwenyewe, nikatoa pande kubwa, nikaligonga walisikie linavyolia, nikamtia mgeni mkononi.

"Karibuni. Ukaa wenyewe huu, daraja la kwanza."

Mgeni akatazama kiganja chake cheusi, kisha akamtazama Rehema. Rehema alikuwa anatazama visiki nyuma yangu.

"Baba, huu ni mkaa."

"Ndiyo, si nyinyi mnaita ukaa?"

"Ukaa ni hewa, baba. Ile inayotoka kwenye moshi. Miti inaivuta na kuiweka, na hawa wanalipa ili miti isikatwe. Ukiichoma, hewa yote imekwenda."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikauliza, kwa sauti ya mtu mwenye hoja, kama ile hewa iliyobaki ndani ya magunia haiwezi kupimwa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Khe! Bwana Haji kachoma bidhaa!" na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na Makame, fundi wangu mwenyewe, akaegemea gunia anafuta machozi.

Bi Mwanaidi hakucheka. Alimwita Rehema karibu.

"Mwanangu, kwa hiyo miti ya marehemu ingebaki imesimama, na mimi ningelipwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Bila ya kukata hata mmoja?"

"Bila ya kukata hata mmoja." Kisha kwa sauti ya chini akamwambia kuwa iliyobaki ni michache na myembamba, hawataweza kumwandikisha alipwe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akanigeukia.

"Neno hukulijua?"

"Sikulijua, mama."

"Ukaona tabu gani kuuliza?"

"Niliona haya."

Akawatazama watu walivyokuwa wakicheka, akaitazama kanzu yangu yenye alama za vidole vyeusi. "Na hivi sasa huoni?"

Nikainama kulifunga lile gunia nililolifungua. Tangu siku ile nimepanda mivinje mipya, inanifika gotini, na Bi Mwanaidi ameniambia kwa upole tu kwamba ikinenepa yeye keshakwenda zake, na maneno hayo yananiuma kuliko vicheko vya Mlandege vyote. Nimeapa kwamba neno nisilolijua nauliza hapo hapo, acheke atakayecheka. Yeye hajanigombeza hata siku moja. Ila siku hizi akinituma kitu, hata kilo ya sukari hapo sokoni Darajani, ananiambia, "Hebu rudia nlivyosema," nami, mtu mzima na ndevu zangu, nasimama mbele yake narudia.