Ganzi ya Mbuzi wa Mkunya

Siku hizi sijiiti daktari mbele za watu, na sababu ni mbuzi wa Mama Somoe wa Mkunya.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Juzi niliitwa kumshona mbuzi huyo mguu baada ya kukatwa na bati. Ndiye mbuzi wake pekee, tena ana mimba. Majirani walijaa uani, nami nikishaona watu mdomo haufungi.

"Mama Somoe, mbuzi si ng'ombe," nikahubiri. "Ganzi ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana kwanza navuta bomba la sindano. Damu isipoonekana, nasukuma."

Nikavuta, damu hakuna. Nikasukuma nusu ya dawa karibu na neva ya mguu. Mbuzi akajirusha, sindano ikatokeza upande wa pili wa ngozi yake na kunichoma kidole, na kwa mshtuko nikasukuma nusu iliyobaki humo humo. Niliona aibu kusema. Nikatabasamu.

Kidole kikafa ganzi kabisa. Nikashona hivyo hivyo.

"Mnaona? Hasikii chochote!"

"Kweli, daktari," wakaitikia.

Nilipofunga uzi wa mwisho, nikaamuru mbuzi aachiwe. Akainuka, akachechemea kuelekea kwenye maganda ya mihogo. Nami nikaenda naye, nimeinama, kwa sababu kidole changu nilikuwa nimekishona mguuni pake, glavu na ngozi pamoja.

Mama Somoe alinitazama kwa huruma.

"Daktari, wewe tumekupikia ugali. Hayo maganda ni ya mbuzi."