Dobi Ndani ya Koti la Mteja

Saa kumi na mbili asubuhi, dobi anapuliza mkaa ndani ya pasi huku moshi ukimtoa machozi. Hataki maswali kabla pasi haijashika moto.

"Ngoja kwanza, mwandishi," anasema. "Maneno hayanyooshi nguo."

Mwandishi anakubali yaishe na kutafuta pa kukaa. Chumba ni kidogo: meza ndefu iliyofunikwa blanketi lenye alama za kuungua, kamba za nguo, na pazia kuukuu kwa nyuma. Majirani wanamwita Baba Mikunjo, kwa sababu mikunjo haimpiti. Anajifanya kulichukia jina hilo, lakini ukimwita huitika haraka.

Leo ana mgeni mwingine. Binti yake, mpiga picha za harusi, ameacha shughuli zake ili apige picha za duka kutwa nzima. Kwenye kona ya mtaa pamefunguliwa duka la kufulia kwa mashine. Zamani Baba Mikunjo alinyoosha hata nguo arobaini kwa siku. Sasa zikifika kumi na tano anashukuru. Binti anataka kuzituma picha hizo kwenye kundi la simu la mtaa, watu waione kazi ya baba yake na kurudi. Wasiporudi, mwaka huu duka linafungwa.

"Baba, kaa kama siku zote," anamwambia. "Usijipambe."

Wapi! Baba anaitazama fulana yake yenye tundu begani, anapotelea nyuma ya pazia, na kutoka na koti la kitani lililomkaa kama alizaliwa nalo. Binti anafurahi mpaka anasahau alichokisema. Anapiga picha na kuituma hapohapo.

Kuna utani unaowafuata madobi kila mahali: kwamba nguo ya mteja huvaliwa kwanza na dobi. Watu hucheka, lakini mwenye kazi unamuuma. Baba Mikunjo amezeeka akijitapa kwamba hajawahi kuingiza hata kidole kwenye mkono wa shati la mtu. Na siku ya picha, jamani, ndiyo siku aliyojisahau.

Simu inaanza kulia. "Mzee kapendeza!" mmoja anaandika. Mwingine anauliza, "Hilo si koti la yule karani wa mtaani kwetu?" Kifungo chake cha katikati ni cheusi, vingine vya kahawia, na mtaa mzima unalijua. Vicheko vinamiminika. Baba Mikunjo amekwisha kulivua, amelishika kwa mikono miwili, uso umemshuka.

"Naifuta, Baba," binti anasema, kidole tayari kwenye simu.

"Usiifute, mama. Wameshaona. Ukiifuta ndiyo nitakuwa mwizi kweli."

Haupiti muda, karani mwenyewe huyo mlangoni, simu mkononi. Dobi hasubiri kuulizwa.

"Kaka, ni lako, na nimelivaa. Mwanangu ananipiga picha dukani kwa mara ya kwanza, nikaionea aibu hii fulana. Nisamehe. Nalifua upya sasa hivi, mbele ya macho yako."

Karani anakaa kwenye benchi, amenuna. Binti anainua kamera. Anaipiga picha mikono ya baba ndani ya povu, kola ikisuguliwa taratibu kwa kidole gumba, koti likining'inia juani. Baadaye anampiga picha akinyoosha mabega ya koti juu ya taulo lililoviringishwa, yasipoteze umbo. Hapo karani anasahau kununa, anasogea mezani.

"Kumbe shughuli yote hii? Nilidhani unachovya tu."

"Nachovya!" Dobi anang'aka. "Ningekuwa nachovya, mgongo ungeniuma hivi?"

Binti anazituma picha zote, na chini yake anaandika maneno ya baba kama alivyoyasema, aibu ya fulana ikiwemo. Safari hii kundi liko kimya. Dobi anapanga nguo ambazo tayari zimepangwa.

Karani analipokea koti, analigeuza nje na ndani. Kisha anaisogeza simu mdomoni na kutuma sauti kundini: "Ni kweli kalivaa. Kaniambia mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Kesho namletea mashuka ya nyumba nzima." Anamgeukia dobi. "Ila mashuka usiyavae."

Baba Mikunjo anacheka mpaka anashika meza, halafu kicheko kinageuka machozi, na safari hii hakuna moshi wa kusingizia. Simu inalia tena: jirani anauliza duka linafungwa saa ngapi, ana magauni mawili. Binti anamkumbatia baba yake.

Mwandishi anapomuuliza anatamani nini, dobi anafikiri huku akijifuta uso.

"Watu waniletee nguo zao, wakalale usingizi bila wasiwasi," anasema. "Halafu nishone koti. Langu mimi. Nipigwe picha roho ikiwa imetulia."