Nukta Nyekundu Kwenye Kalenda

Kalenda ya kanisa ilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu pale Busia. Sista wa kliniki alikuwa amenifundisha kuhesabu tangu hedhi inapoanza, nitie alama siku za katikati, maana yai hushuka wakati huo na ndizo siku za kulala na mume. Nilizitia nukta za rangi ya kucha, nyekundu, mume wangu asije akasema hakuziona.

Aliziona sana. Kila zilipofika, alibaki Tororo, kwenye kiwanda cha saruji alikofanya kazi.

"Wameniweka tena zamu ya usiku," alisema kwa simu. "Mimi nafanya nini sasa?"

Mwezi wa kwanza nilimhurumia. Wa tatu nilianza kunusa mashati yake. Yalinuka saruji tu, nikasema huyo mwanamke ni mjanja. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa, na mawifi walinitazama tumbo kabla ya kunisalimia. Nilitaka mtoto hadi nikawa namwonea wivu kuku mwenye vifaranga.

Basi nikamtega. Mwezi uliofuata nilitia nukta wiki moja baada ya siku zenyewe, na zile za kweli nikaziweka kichwani. Zamu yake nayo ikahama. Siku za kweli alikuwa nyumbani, mchangamfu, ameniletea samaki, na tukalala pamoja. Nukta zilipofika, akawa na zamu ya usiku. Nilimfanyia hivyo miezi mitatu, na miezi yote mitatu nikaona hedhi.

Asubuhi moja niliitoa kalenda mlangoni, nikaiweka mezani kando ya chai yake.

"Mzee, hizi siku unazikimbia. Huyo wa Tororo ni nani?"

Alizungusha kikombe.

"Hakuna mtu wa Tororo. Sasa hivi mtoto akikosekana, tunasema siku haikuwa yake. Lakini tukilala siku yenyewe na bado akosekane, si watu watajua mwenye kasoro ni mimi?"

Nilimwamini, na kumwamini kuliniuma kuliko mwanamke yeyote. Siku zenyewe tulikuwa tumezilala miezi mitatu, naye hakujua. Kama ni yeye au ni mimi, hata mimi sikujua, na sasa niliogopa kujua.

Nilimwongezea chai. Kisha nikairudisha kalenda mlangoni, na nukta zake za uongo.